Mchekeshaji wa Tanga: Tahakiki ya Kazi ya King Majuto

Watu wengi hudhani ya kuwa kicheko ni kitu chepesi, kisichostahili kuwekwa safu moja na tenzi na riwaya. Dhana hii haina haki. Msiba hujieleza wenyewe, maana kila mwanadamu amepata kufiwa. Lakini kumchekesha mtu usiyemjua, aliyerudi nyumbani amechoka na ana madeni shingoni, ni kazi inayotaka akili, subira na maarifa ya watu. Katika insha hii tutaipima kazi ya mtu mmoja aliyeitumikia sanaa hiyo kwa karibu miaka 60, naye ni Amri Athumani, mwigizaji na mtunzi wa vichekesho, ambaye Afrika Mashariki yote ilimjua kwa jina la King Majuto.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, na mwaka 1958, akiwa angali mtoto, alianza kuigiza jukwaani. Tanga si ugenini kwa mwanafunzi wa Kwale. Mtu atokaye Diani, akapita Msambweni na kufika Lunga Lunga, akivuka mpaka hapo Horohoro, barabara hiyohiyo itamfikisha Tanga. Wadigo wako huku na huku ya mpaka huo, ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 bila ya kuwauliza wenyeji. Kwa sababu hiyo, michezo ya Majuto ikionyeshwa Msambweni haihitaji mkalimani. Mzee mkali, mwenye tamaa na ubahili, anayewaamuru watu wote nyumbani kwake na kushindwa na kila mmoja wao, ni mzee ambaye kila mtaa wa pwani unamjua.

Ili kuufahamu uigizaji wake, yafaa tukumbuke jambo moja la historia. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, na Zanzibar mwaka 1973. Lakini Tanzania Bara ilikaa bila ya televisheni yake hadi mwaka 1994. Basi Majuto alifanya kazi kwa miaka 36 kabla ya sanduku hilo kuingia katika nyumba za watu wa kwao. Shule yake ilikuwa jukwaa. Jukwaani mtazamaji hujibu papo hapo: akipendezwa hucheka, na akichoka huondoka. Hapo ndipo mwigizaji hujifunza kungoja kicheko kitulie ndipo aseme tena, na kujua wakati ambapo kunyamaza kunapita kusema. Kanda za video zilipokuja, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini mwake kuuza vichekesho kwa njia hiyo, na baadaye televisheni ikamkuta amekwisha kukomaa. Mtazame anavyokodoa macho, anavyobenua mdomo, anavyogeuza uso polepole baada ya kuambiwa jambo asilolipenda. Kabla hajatamka neno, watazamaji wamekwisha kuangua kicheko.

Tumlinganishe na mwenzake wa Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, na ambaye wengi walimjua kama Mzee Ojwang wa mchezo wa Vitimbi. Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo, na sehemu kubwa ya kichekesho chake ilitoka katika Kiswahili kilichopindwa kwa lafudhi ya kwao Ojwang. Alifanya hivyo kwa upendo, wala watu wa lafudhi hiyo hawakumchukia. Walakini njia hii ina hatari, kwa kuwa mwigaji asiye na upendo aweza kuigeuza kuwa dharau. Majuto alikwenda njia nyingine. Kiswahili chake ni cha nyumbani, kimenyooka. Kinachochekesha si namna mtu anavyotamka, bali ni uwongo anaoutamka kwa uso mkavu. Kwa kijana wa pwani hili lina uzito, maana humwonyesha ya kuwa lugha ya mama yake yaweza kuwa chombo cha sanaa pasipo kufanywa dhihaka.

Hata hivyo, mhakiki asifiaye kila kitu hajasifu kitu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tembo la Majuto halikukosa maji. Katika miaka ya filamu za video, kazi zilitolewa kwa haraka na kwa wingi, na nyingi zina visa vilivyofanana: ugomvi wa mume na mke, tamaa ya fedha, ulaghai unaofichuka mwishoni. Wanawake aghalabu hupewa nafasi ya kugomba au kutamaniwa, wala hawapewi akili ya kuchekesha wenyewe. Mara nyingi mwigizaji hubeba mchezo dhaifu mabegani mwake, na mtazamaji akiisha kucheka hukumbuka uso wa Majuto lakini hakumbuki kisa.

Sababu moja ya upungufu huo ni kwamba mengi ya maneno yake yalizaliwa palepale mbele ya kamera. Alikuwa mtunzi ambaye daftari lake lilikuwa kichwani. Njia hii humpa mwigizaji wepesi, lakini humnyima urithi. Jambo lililoandikwa husahihishwa, huchapishwa, hufundishwa, na mwenye nalo huweza kudai haki yake. Mwaka 2018 Majuto aliugua sana, akapelekwa India kutibiwa, na ilidhihirika kwamba umaarufu wake haukuwa umemjengea akiba ya kutosha. Mwaka huohuo Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa Tanzania, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuichunguza mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akazikwa kwao Tanga. Ojwang naye alipopatwa na maradhi ya macho, wananchi walilazimika kumchangia fedha za matibabu.

Hapa pana fundisho kwako, msomaji kijana, hasa ikiwa una kipaji cha kuwachekesha wenzako darasani. Usikionee haya kipaji hicho, wala usikitumie kumdhili mnyonge. Msikilize mvuvi wa Shimoni na muuza madafu wa Ukunda. Katika maneno yao mna vichekesho ambavyo havijapata kuandikwa. Viandike. Kisha jifunze kuusoma mkataba kwa uangalifu uleule unaousomea shairi, kabla ya kutia sahihi. Majuto aliwapa watu kicheko kwa miaka mingi, na kicheko hicho kiliuzwa na wengi. Kizazi kitakachomfuata kina deni la kuitunza sanaa hiyo, na la kuhakikisha kwamba mwenye jasho naye anapata ujira wake.