Apophis: Saa Inajulikana, Mawingu Hayajulikani

Kutoka Dagoretti Corner, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, hurushwa maputo yanayopima joto, unyevu na upepo wa juu. Pamoja na vipimo hivyo vyote, ukiuliza kama mvua itanyesha Ngong Road jioni fulani wiki tatu zijazo, hakuna mtaalamu atakayekuapia. Lakini uliza asteroidi Apophis itakuwa wapi usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, utatajiwa hadi dakika. Itatukaribia kabisa yapata saa 6:46 usiku kwa saa zetu, takriban kilomita 32,000 juu ya ardhi. Setilaiti za televisheni ziko mbali zaidi ya hapo, kilomita 35,786.

Uhakika huo haukuja kirahisi. Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi waliigundua Juni 2004 huko Kitt Peak, Arizona, wakaifuata siku mbili tu, ikawapotea. Ilipoonekana tena Desemba hesabu zikaanza kutisha: tarehe 27, uwezekano wa kutugonga mwaka 2029 ulifika asilimia 2.7. Wachache walisikia. Tsunami ilikuwa imepiga Bahari ya Hindi jana yake, hadi pwani yetu.

Mbona hatari ilipanda kadiri vipimo vilivyoongezeka? Kwa sababu vipimo vya siku chache havitoi njia moja; vinatoa bando zima la njia, zote zikikubaliana navyo. Bando likiwa pana, Dunia huchukua sehemu ndogo mno ndani yake. Kila kipimo kipya hulikaza, na Dunia ikiwa bado imo, sehemu yake hukua. Asilimia hupanda, hupanda, kisha huporomoka bando linapoiacha Dunia nje. Magazeti hupigia kelele kule kupanda. Kuporomoka hupewa aya moja ukurasa wa ndani.

Kilichoiporomosha hapa hakikuwa darubini mpya. Wataalamu wa mradi wa Spacewatch walipekua picha zao za zamani, wakaikuta katika zile za Machi 2004, hafifu, ilhali hakuna aliyekuwa ameitambua. Miezi mitatu hiyo ya nyuma ilitosha kufuta tishio la 2029. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la kiufundi katika kisa hiki: katika kukokotoa obiti, urefu wa muda kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho huzidi nguvu ya kioo.

Ikabaki miaka ya mbele. Mvutano wa Dunia utaipinda njia ya Apophis, na kosa dogo kabla ya 2029 litakuzwa mara nyingi baadaye. Juu ya hayo kuna msukumo wa jua: upande uliopashwa joto hulitoa tena angani jiwe likigeuka, na kule kutoa huisogeza Apophis takriban mita 170 kwa mwaka. Tholen na wenzake waliupima mwaka 2020, na kwa ajili yake mwaka 2068 ukabaki na alama ya kuuliza. Machi 2021 rada ya Goldstone, California, ikatuma mawimbi, darubini ya redio ya Green Bank ikapokea mwangwi, jiwe likiwa umbali wa kilomita milioni 17. Umbali ukajulikana kwa kosa la mita 150 hivi. Hatari ikafutwa kwa angalau miaka 100.

Apophis ina upana wa mita 340 hivi, zaidi ya mara tatu ya kimo cha jengo la KICC jijini Nairobi, na sasa hulizunguka jua kwa siku 324. Ikishatupita, mwaka wake utazidi siku 400. Chombo cha Marekani OSIRIS-APEX, kilekile kilicholeta mchanga wa asteroidi Bennu mwaka 2023, kitaifuata kuona ukaribu huo umeitenda nini.

Itakapotukaribia kabisa itakuwa juu ya Atlantiki, kwa hiyo sisi tuitafute mapema zaidi jioni hiyo, ikielekea magharibi. Aprili ni masika na Nairobi ina taa nyingi. Mwenye gari aende Magadi, kukavu na kwenye giza, na abebe darubini ya mkono.