Hatua Tano na Mzee Mwenye Maumivu

Kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross, On Death and Dying (1969), tunakisoma kana kwamba ni mwongozo wa kazi. Kukana, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali: nani kati yetu hajazikariri kwa ajili ya mtihani? Sifa yake haina ubishi. Alikaa na wagonjwa hospitalini Chicago akawauliza juu ya kifo chao, jambo ambalo madaktari wengi walilikwepa. Tena anayo sura nzima kuhusu familia, ambayo wakaririji huiruka.

Kasoro ninayoiona ni kwamba hasira inahesabiwa kuwa ya moyoni mapema mno. Mzee anayemfokea mkwewe kijijini hapa Uganda huenda hajalala kwa maumivu, au amesikia kwamba shamba lake limeshagawanywa bila yeye kuulizwa. Ofisa ustawi wa jamii akiandika "yuko hatua ya pili", jalada linafungwa, maumivu yanabaki.

Kwa hiyo namweka Cicely Saunders mbele yake. Huyu alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii hospitalini, ndipo akasomea udaktari. Kwake maumivu yalikuwa ya mwili, akili, jamii na roho kwa pamoja. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilifuata njia hiyo: mofini ya kunywa, na wauguzi wanaomfikia mgonjwa nyumbani. Ripoti zetu za mafunzo kwa vitendo zieleze kwanza panauma wapi, na nani analala naye chumbani.