Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu tunaitumia kwa furaha. Mgeni akibisha hodi, kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akishindia mchicha naye hupata mchuzi. Kupona kunakosemwa hapo ni kupona kwa mlo. Lakini katika zama zetu amezuka mgeni wa aina nyingine. Huyu haji kula kuku. Amebeba dawa, madaftari, rangi ya kupaka ukuta wa shule na moyo mwema, na anaichukua methali yetu kwa maana yake ya juu juu kabisa: yeye amekuja, basi mwenyeji atapona. Je, ni kweli mwenyeji anapona? Na hadithi ya kupona kwake ikisimuliwa, nani huwa mhusika mkuu?

Maswali haya yamenijia kwa kusoma kitabu cha Mfaransa Dominique Lapierre kinachojulikana kwa Kiingereza kama The City of Joy, yaani Jiji la Furaha, kilichotoka mwaka 1985, na kwa kuitazama filamu iliyotokana nacho mwaka 1992, ikiongozwa na Roland Joffé. Mahali penyewe ni Calcutta, jiji la India ambalo tangu mwaka 2001 huitwa rasmi Kolkata. Nitatumia jina la zamani kwa kuwa ndilo la kitabuni. Lapierre, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa msimulizi, na kabla ya hapo alikuwa ameandika na mwenzake Larry Collins kitabu maarufu juu ya uhuru wa India, Freedom at Midnight, cha mwaka 1975. Anajua kuuliza, anajua kuhesabu, na anajua kumfanya msomaji asifunge kitabu.

Kitabu kinatupeleka Anand Nagar, mtaa wa mabanda ulio Howrah, ng'ambo ya mto Hooghly. Mwandishi anatuambia kuwa humo wameishi watu zaidi ya 70,000 katika eneo analolilinganisha na viwanja vitatu tu vya mpira. Humo anawaweka wahusika watatu. Wa kwanza ni Hasari Pal, mkulima aliyefukuzwa shambani na ukame, ambaye jijini anakuwa mvuta riksho, lile gari la magurudumu mawili linalokokotwa na binadamu. Wa pili ni padri wa Kipolandi, ambaye katika tafsiri ya Kiingereza anaitwa Stephan Kovalski, aliyeamua kupanga chumba humo humo mtaani na kuishi kama majirani zake. Wa tatu ni daktari kijana wa Kimarekani, Max Loeb, anayekuja kutibu.

Nianze na sifa, maana mhakiki asiyejua kusifu hafai kuaminiwa anapolaumu. Sehemu za Hasari ni za hali ya juu. Lapierre hatuombi tumhurumie mtu huyu. Anatuonyesha kazi yake. Tunaona jinsi riksho isivyokuwa mali ya anayeivuta bali ya tajiri anayeikodisha kwa siku, na jinsi ujira wa kwanza wa kila siku unavyokwenda kulipa kodi hiyo kabla ya mvutaji kununua hata sahani ya wali. Tunamsikia akigonga kengele kwenye mti wa riksho kutafuta abiria. Tunauona mwili ukiliwa na kazi kidogo kidogo, hadi kikohozi kinapoanza kuleta damu. Binti yake anapofikia umri wa kuolewa na mahari ikatakiwa, ambayo huko hutolewa na upande wa mwanamke, Hasari hana cha kuuza isipokuwa mwili huo huo. Anauza mifupa yake ingali ndani ya nyama, ichukuliwe atakapokufa. Yeyote aliyewahi kumtazama hamali wa mkokoteni akipandisha mzigo juani hatahitaji kufafanuliwa kurasa hizo.

Padri naye amechorwa kwa uangalifu. Jambo la maana alilofanya si mahubiri wala tiba. Ni kukaa. Anakaa hadi anazoea joto, panya na foleni ya choo. Anakaa hadi kilio cha mtoto wa jirani anayekufa kwa maumivu, ng'ambo ya ukuta mwembamba, kinakuwa kilio cha nyumbani kwake. Kisha, badala ya kujenga jambo lenye jina lake, anawakusanya wakazi wenyewe waunde kamati ya kusikilizana na kusaidiana. Humo anatokea msichana aitwaye Bandona, ambaye anajua nani hana chakula, nani amefichwa kwa kuwa ana ukoma, na ofisi ipi ifunguliwe kwa maneno gani. Mimi namwona Bandona kuwa ndiye ufunguo wa kitabu. Masikitiko yangu ni kwamba mwandishi hakumwona hivyo kwa ukamilifu. Amembakiza mhusika bapa: mwema, mpole, mchapakazi, asiyekasirika wala kuchoka. Wageni wamepewa mashaka ya nafsi. Mwenyeji amepewa fadhila tupu. Na mtu asiyeruhusiwa kuwa na kasoro bado hajahesabiwa kuwa mtu kamili, hata kama sifa alizomiminiwa zinajaza gunia.

Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya kitabu, na jina lake linaifichua. Furaha ya maskini imesemwa mno. Kila baada ya msiba huja sherehe, na kila baada ya njaa huja tabasamu, hata msomaji wa mbali akaweza kufunga kitabu akiwa ameliwazika. Sikatai kwamba watu wa mitaa ya namna hiyo hucheka. Hucheka, tena sana. Mimi nimekulia uswahilini na najua. Lakini kicheko chetu hakikuwa risiti ya kumthibitishia mpita njia kwamba hatuna deni naye. Mara ngapi tumepigwa picha tukicheka, na mara ngapi mpiga picha aliuliza tulikuwa tunamcheka nani?

Filamu imeichukua kasoro hiyo na kuikuza. Padri aliyekaa ameondolewa kabisa. Daktari, sasa akiitwa Max Lowe na kuigizwa na Patrick Swayze, amesogezwa mbele. Ni daktari wa upasuaji aliyefiwa na mgonjwa mtoto, akaikimbia kazi yake na kwenda India kujitafuta. Wapenzi wa sinema za Kihindi, ambao pwani yetu ina wengi, wataenda kumtazama Om Puri akiwa Hasari na Shabana Azmi akiwa Kamla, mkewe, na hawatapoteza nauli yao. Om Puri anavuta riksho kwa mgongo, kwa shingo, kwa macho. Hata hivyo hadithi imepangwa ili jasho lake lote limfundishe Max jambo fulani kuhusu Max.

Yapo mazungumzo katika filamu hiyo yanayotosha kuieleza yote. Joan, mwanamke anayeendesha zahanati, anamweleza daktari kuwa mbele ya maisha mtu ana njia tatu: akimbie, atazame tu, au ajitose. Maneno matamu, na nimewasikia watu wakiyatoa kama hekima. Lakini tuyapime kwa Hasari. Akimbie wapi tena, na kukimbia ndiko kulikomleta Calcutta? Atazame nini, na anayetazamwa ni yeye? Ajitose vipi, na alishatoswa tangu mvua ilipokataa kunyesha? Njia zote tatu ni za mtu mwenye tiketi ya kurudi. Mwandishi wa filamu hakuliona hilo, na ndiyo sababu mateso ya mtaa mzima yamegeuka kuwa shule ya mgeni mmoja.

Tofauti ya miisho inathibitisha. Kitabuni, Hasari anakufa kwa kifua kikuu binti yake alipokwisha kuozwa. Katika filamu amebakizwa hai, na watazamaji wanaruhusiwa kutoka wakiwa na nafuu. Sisemi kwamba kila hadithi ya maskini lazima iishe makaburini. Nasema filamu imetupa kupona bila kutuonyesha dawa.

Maana kifua kikuu hakitaki shujaa. Matibabu yake ya kawaida ni vidonge vya kila siku kwa muda wa miezi sita, na mgonjwa hupata nafuu mapema, kikohozi kikapungua, akatamani kuacha. Akiacha, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa. Kwa hiyo anayemponya Hasari si yule anayefika usiku wa mafuriko akiwa amelowa. Ni yule atakayekuwapo mwezi wa tano, siku ya kawaida isiyo na lolote, akimuuliza kama amemeza vidonge. Mgeni wa wiki mbili hawezi kazi hiyo hata akiwa na moyo wa dhahabu. Bandona anaiweza. Anachohitaji ni dawa, mshahara na mtu wa kumsikiliza.

Calcutta yenyewe imetupa mfano mwingine wa jambo hili. Mama Teresa alifungua nyumba ya wanaokufa pale Kalighat mwaka 1952, na kwa miongo mingi vijana kutoka nchi za ng'ambo wamekwenda katika nyumba zake kufua, kulisha na kuosha wagonjwa. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la kitabibu la The Lancet, aliandika aliyoyaona huko. Alikiri usafi na upole wa huduma, lakini akasikitika kwamba uchunguzi wa magonjwa ulikuwa hafifu na dawa kali za kutuliza maumivu hazikuwapo. Wengine wakayapokea maneno hayo kama tusi kwa mtakatifu. Mimi nayasoma kama swali la haki: mgonjwa ameshikwa mkono kwa upendo, vema, lakini maumivu yake je? Upendo hauondoi wajibu wa kujua kazi.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1968, kule Mexico, padri na mwanafikra Ivan Illich aliwakabili vijana wa Kimarekani waliokuja kujitolea akawataka wasije kabisa kusaidia. Namheshimu, lakini sifiki naye huko. Tukifunga mlango kwa kila mgeni, tutamfungia pia aliyebeba dawa ya Hasari. Tena haki inanitaka niseme kwamba Lapierre hakuishia kwenye wino: nusu ya haki zake za uandishi aliipeleka Calcutta kuendesha zahanati, shule na malezi ya watoto wa wenye ukoma. Waandishi wangapi waliochuma kwa umaskini wa wengine wamefanya hivyo? Fedha hizo zililipa wenyeji wafanye kazi kwao, na kwa kitendo hicho mwandishi alielewa jambo ambalo kalamu yake haikulisema vya kutosha.

Wala kosa la kutomuuliza mwenye shida si la wageni peke yao. Filamu ilipokuwa ikipigwa Calcutta mwaka 1991, maandamano yalizuka. Wenyeji wengi walikasirika kwamba jiji la washairi na wasomi litaonyeshwa kama jaa. Hasira hiyo ilikuwa na sababu, lakini wengi wa waliokasirika hawakuwa wavuta riksho. Mwaka 2006 Bunge la jimbo la West Bengal likapitisha sheria ya kuziondoa riksho hizo kwa kuwa zinamdhalilisha binadamu. Walioandamana safari hii ni wavutaji wenyewe, waliotaka kujua watakula nini. Heshima yao ilikuwa imeamuliwa katika ukumbi ambao hawakuingia.

Kwa hiyo, msomaji, nakushauri ukitafute kitabu hiki, ukisome kwa ukarimu na kwa jicho kali kwa pamoja. Na utakapokutana na hadithi nyingine za namna hii, iwe kitabu, filamu au picha za kijana aliyekwenda kujitolea Calcutta, Manila au Nairobi, ijaribu kwa kipimo hiki: mwondoe mgeni humo, kisha tazama kinachobaki. Katika filamu ya Joffé, mwondoe Max na hadithi inabomoka. Wenyeji wote walikuwa wakimngojea yeye ndipo waanze kuishi. Katika kitabu cha Lapierre, mwondoe Max, na hata padri, na bado Hasari anaamka alfajiri, anakodi riksho, anagonga kengele. Kitabu hicho kimesimama kwa miguu ya mwenyeji, pamoja na kasoro zake, na ndiyo sababu nakipa alama ya kupita.

Kipimo hicho hicho kinafaa kazi yenyewe ya kujitolea. Mgeni akipanda ndege kurudi kwao, nini kinaendelea asubuhi inayofuata, na nani anakiendesha? Kama jibu ni Bandona, na kama Bandona amelipwa, basi mgeni alikuja vema na tumwandalie kuku. Wahenga waliposema mwenyeji apone, hawakumaanisha apone usiku ule tu mgeni alipokuwa mezani.