Mvuke na Fundi wa Paa Bapa

Nyumba ikikamilika, watu husifia milango, vigae na jiko. Sijapata kumsikia mgeni akisimama sebuleni na kuuliza hewa inapita wapi juu ya silingi. Mimi nikiambiwa nimpime fundi wa ujenzi kule Uingereza, sitamtazama anavyopiga lipu. Nitampeleka kwenye gereji ya nyumbani yenye paa bapa, ambayo mwenye nyumba ameamua kuigeuza chumba cha kulala, halafu nitangoja swali lake la kwanza. Akiuliza unene wa kihami joto, nitamshukuru nimuage. Akiuliza humu atalala nani, wangapi, na nguo zilizofuliwa zitaanikwa wapi wakati wa baridi, kazi ni yake.

Gereji hizo zimejaa katika vitongoji vilivyojengwa Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni chumba chembamba kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba, mara nyingi upana wake ni mita 2.4 hivi. Juu kuna boriti za mbao, juu ya boriti plaibodi au mbao nyembamba, na juu kabisa felti iliyogandishwa kwa lami. Gari halikuhitaji joto, na upepo uliopenya chini ya mlango ulikausha kila kilicholowa. Paa lilikuwa baridi juu na baridi chini, likakaa miaka na miaka bila kugombana na mtu. Ugomvi huanza siku anapohamia binadamu, kwa sababu binadamu anapumua, anachemsha chai na anarudi na taulo bichi kutoka bafuni.

Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi sifuri, haibebi zaidi ya gramu 5. Zinazobaki lazima ziende mahali. Wala si lazima chumba kiwe na unyevu wa kupindukia: hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 12, na usiku wa Januari upande wa chini wa plaibodi ile huwa baridi kuliko hapo. Halafu mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, anajaza pamba ya madini katikati ya boriti. Joto sasa linabaki chini, chumbani, kama alivyotaka. Lakini plaibodi iliyo juu ya pamba imenyimwa hata lile joto kidogo lililokuwa likiipata, na mvuke haujaacha kupanda. Kihami kimefanya kazi yake vizuri, na kwa kuifanya vizuri kimeanza kuozesha paa. Hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi anayejua. Anapigana na maji ambayo bado hayajawa maji.

Silaha yake ya zamani ni uwazi. Juu ya kihami, chini ya plaibodi, anaacha nafasi tupu ya milimita 50, kisha anafungua njia ya hewa ya milimita 25 iliyoendelea bila kukatika katika kingo mbili zinazotazamana, na kuitia wavu wa kuzuia wadudu. Paa likivuka upana wa mita 5, vipimo hivyo vinapanda hadi 60 na 30. Chini ya kihami, upande wa chumba, anatandika nailoni nzito, anapandanisha maungio yake na kuyafunga kwa gundi ya utepe, ili mvuke mwingi usipite kabisa na ule utakaoponyoka uchukuliwe na upepo kabla haujatua.

Kwenye karatasi inatosha. Kwenye gereji yenyewe, boriti mara nyingi zina kina cha milimita 150 tu. Ukitoa 50 za hewa, zinabaki 100 za kihami, na hazifikii kiwango cha leo cha kuzuia joto. Fundi anakaa kama mshonaji aliyeletewa kitambaa kilichopunguka: akiongeza bodi ya povu chini ya boriti, silingi inashuka, na ilikuwa fupi tangu mwanzo. Tena upande mmoja wa gereji umeegemea ukuta wa nyumba, kwa hiyo hewa inaingia kwa upande wa mfereji wa maji ya mvua na kukuta njia imezibwa mbele. Katikati ya boriti mna vipande vya mbao vilivyokingamishwa ili zisipinde, na kila kipande ni lango lililofungwa. Baada ya yote hayo anakuja fundi umeme, kijana mwema, anatoboa matundu sita ya taa katika silingi na kupita moja kwa moja kwenye nailoni. Kila tundu ni bomba la kupandishia mvuke. Nimewahi kusikia mafundi wakiwasema vibaya mafundi umeme kuliko wanavyoisema mvua.

Njia ya pili ni kuachana na uwazi kabisa na kuweka kila kitu juu ya plaibodi: kwanza kizuizi cha mvuke, kisha bodi za povu gumu, kisha tabaka la kuzuia mvua. Boriti na plaibodi zinabaki upande wa joto, hazifiki kiwango cha umande, na hakuna tundu la hewa la kuhangaikia. Miongozo ya ujenzi ya Scotland inashauri wazi paa bapa la aina ya kwanza liepukwe. Nakubaliana nayo. Gharama ya njia hii ya pili ni kimo: paa linanyanyuka, na tabaka la juu bado linatakiwa kupanda ukutani milimita 150, jambo ambalo dirisha la ghorofani huenda lisiliruhusu. Fundi mwenye ubingwa anazijua njia zote mbili. Zaidi ya hapo, anajua kumwambia mteja kwamba njia rahisi haitafaa kwenye nyumba yake, hata kama mteja ataondoka kwenda kwa mwingine.

Upana ule wa gereji unanikumbusha Lamu. Vyumba vya nyumba zake za mawe ni virefu na vyembamba, mita 2.5 hadi 2.8 hivi, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha zege nzito ya chokaa. Hili nalo ni paa bapa, ila adui yake yuko nje: jua na masika. Ndani hakuna moto wa kupasha chumba, madirisha yako wazi, na hewa ya ndani haipishani sana na ya nje, hivyo mvuke hauna haraka ya kwenda popote. Juu ya bapa lile mafundi wengi wa Lamu husimamisha nguzo na kuezeka makuti. Uwazi wao wa hewa haupimwi kwa milimita. Mtu anasimama ndani yake, anaanika nguo, na usiku wa kaskazi anatandika mkeka humo akalala.

Mambo yanageuka mtu anapofunga kiyoyozi. Mombasa au Dar es Salaam, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 hutoa umande inapogusa kitu cha nyuzi 24. Chumba kilichokuwa gereji kikipozwa hadi nyuzi 18, mvuke sasa unatoka nje kuja ndani, na uso unaolowa ni mgongo wa bodi za jipsamu, upande usioonekana. Ukinakili mchoro wa Uingereza, nailoni itakaa upande wa chumba, yaani upande wa baridi, na mvuke utakusanyika juu yake. Matundu ya hewa ya pembeni nayo yatakuwa yakiuingiza usiku kucha. Huku nailoni inafaa kukaa upande wa nje. Ikikaa kinyume, doa la kahawia linatokea kwenye silingi, mwenye nyumba anasema paa linavuja, na fundi anaitwa apande na ndoo ya lami, wakati mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita. Anayestahili malipo hapo ni yule atakayekataa kupanda, akaomba kwanza rimoti ya kiyoyozi aone kimewekwa nyuzi ngapi.