Chujio la Trubetzkoy na Sikio la Msemaji

Katika Grundzüge der Phonologie, kitabu kilichotolewa mwaka 1939 baada ya kifo chake, N. S. Trubetzkoy aliufananisha mfumo wa sauti za lugha na chujio: maneno ya kigeni hupitishwa humo, na msikilizaji huyapima kwa fonimu za lugha yake mwenyewe. Mfano huo una nguvu. Msemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo ulio katika /p/ ya neno la pili; mgeni wa lahaja hiyo huyasikia kuwa neno moja, na tahajia sanifu (isiyoonyesha mpumuo) humwunga mkono.

Lakini chujio huzuia kabisa, ilhali sikio halifanyi hivyo. Majaribio ya Werker na Logan ya mwaka 1985 yalionyesha kwamba wasemaji wa Kiingereza waliweza kutambua tofauti ya sauti za Kihindi isiyokuwamo katika lugha yao, hasa muda baina ya sauti mbili ulipofupishwa. Basi mwalimu amwambiaye mwanafunzi Mkikuyu achanganyaye /r/ na /l/ kwamba “hasikii” ametoa hukumu kabla ya kupima. Huenda mwanafunzi huyo huzitofautisha vizuri asikilizapo, akakosea atamkapo tu.