Kigoda cha Kipepeo na Fundi Asiyetajwa

Swali ambalo mhakiki wa sanaa hana budi kujiuliza kwanza ni hili: kitu hiki kimetengenezwa na nani, na kinamtumikia nani? Kwa swali hilo tunataka kuipima kazi ya Sori Yanagi, msanifu wa Kijapani wa samani na bidhaa za viwandani, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1915 na kufariki mwaka 2011.

Yanagi alirithi fikra kabla ya kuanza kazi. Baba yake, Soetsu Yanagi, aliongoza harakati za mingei, yaani sanaa ya umma, na mwaka 1936 jumba la makumbusho ya sanaa hiyo likafunguliwa Tokyo. Msingi wa harakati hizo ulikuwa kwamba uzuri halisi umo katika bakuli, kikapu na nguo za kila siku, kazi za mafundi wasiojulikana majina. Fikra hii iliupinga mtazamo wa tabaka la juu kwamba sanaa ni pambo la wenye nafasi. Hata hivyo ilikuwa na udhaifu wake: ilitukuza kazi ya mikono wakati ambapo viwanda vilikwisha shika uzalishaji wa Japani.

Mchango wa mwana ni kuivusha fikra hiyo hadi kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alimsaidia Charlotte Perriand, msanifu Mfaransa aliyealikwa na serikali ya Japani kuwa mshauri wa sanaa za viwanda. Baada ya vita alijenga desturi ya kufinyanga vielelezo kwa mikono yake kabla ya kuchora, ili mkono wa mtumiaji uwe kipimo cha mashine.

Matunda yake yanaonekana katika Kigoda cha Kipepeo, alichokisanifu mwaka 1954. Ni vipande viwili vya plaiwudi vyenye umbo moja, vilivyopindwa na kuunganishwa kwa ufito mmoja wa shaba. Kipande kile kile ni mguu na ni kikalio. Hakuna kilichozidi.

Lakini umbo hilo halikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Kupinda plaiwudi ni kubandika tabaka nyembamba za mbao kwa gundi na kuzibana ndani ya kalibu kwa joto. Ujuzi huo Yanagi aliupata kwa msaada wa mtaalamu Saburo Inui, wa taasisi ya serikali ya sanaa za viwanda mjini Sendai. Kigoda chenyewe kilitengenezwa na kiwanda cha Tendo Mokko, mkoani Yamagata, kilichoanza mwaka 1940 kama ushirika wa maseremala na wakati wa vita kikatengeneza masanduku ya risasi. Mwaka 1957 Yanagi alipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Triennale mjini Milan. Kigoda kikaingia katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na jina lililosifiwa duniani likawa moja tu.

Hapa ndipo ulipo mgongano. Baba alimsifu fundi asiyejulikana. Soko likaiuza kazi ya mafundi wengi kwa jina la mwana. Kosa hili si la Yanagi peke yake, maana biashara ya samani huhitaji jina ili ipandishe bei. Matokeo yake, kigoda kilichozaliwa katika fikra ya vitu vya umma kimekuwa kitu cha kutazamwa na cha kununuliwa na wachache.

Kwa maoni yetu, tunayemtafuta yumo zaidi katika vijiko, sufuria na mabirika yake. Hivyo huchakaa jikoni, na anayevitumia hana haja ya kujua vimesanifiwa na nani. Kwa hiyo mwanafunzi anayekihakiki kigoda asiishie kuusifu mkunjo wa ubao. Aanze kwa Inui na maseremala wa Tendo, kisha ndipo amfikie Yanagi.