Kuifukuza Hewa kwenye Breki

Juni 2013 Toyota iliyaita tena magari takribani 242,000 ya aina ya Prius na Lexus HS 250h, yaliyotengenezwa mwaka 2009. Katika mfumo wake wa breki mna tungi dogo la chuma lenye gesi ya naitrojeni, ambalo kazi yake ni kuhifadhi presha ya mafuta. Ikagundulika kwamba chuma cha ndani ya tungi hilo kinaweza kupata ufa, gesi ikapenya kwenye mafuta ya breki. Hapo dereva angekanyaga pedali ikazama kuliko alivyozoea, na gari likachelewa kusimama.

Mwito wa namna hiyo huleta gereji magari mengi ambayo bado yanasimama vizuri. Mwenye gari amekuja na breki zinazoshika, ataondoka na breki zinazoshika, na hatahisi tofauti yoyote mguuni. Mimi humheshimu sana fundi anayeifanya kazi hiyo bila kuruka hatua hata moja, kwa sababu hakuna mlio wala mtikisiko wa kumwonyesha kwamba amefaulu. Anachokitengeneza ni hitilafu ambayo pengine haijaanza.

Kubadili kifaa chenyewe chenye tungi hilo ni suala la nati na mabomba. Ufundi uko katika kutoa hewa. Mafuta hayabanwi, ukiyasukuma huku, yanasukuma kule kwa nguvu ileile. Gesi hubanwa. Kiputo kimoja kikibaki ndani ya bomba, sehemu ya nguvu ya mguu wako inaishia kukibana kiputo badala ya kuzibana padi kwenye diski, na pedali inakuwa laini kama sponji.

Katika gari la kawaida kazi hii ina watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine yuko chini karibu na gurudumu, ana spana ndogo, mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa yenye mafuta kidogo ya kuuzamisha mpira. "Pampu... pampu... shika!" Wa juu anashikilia pedali, wa chini analegeza nati ya kutolea hewa, mafuta yanatoka na viputo vyake, nati inafungwa. Ndipo anasema, "Achia." Mguu ukiinuka nati ikiwa bado wazi, hewa inavutwa kurudi ndani, nao wanaanza upya. Wakati wote huo kopo la mafuta la juu lisiachwe likauke. Fundi mzuri hahesabu mara ngapi amefungua. Anaangalia mpira mpaka mafuta yapite safi, kisha anarudia tena kwa uhakika.

Prius inadai zaidi. Pampu yake ni ya umeme, na kufungua tu mlango wa dereva kunaweza kuiamsha, hivyo fundi huizima kwanza kabla hajagusa bomba lenye presha. Hewa iliyojificha ndani ya kifaa cha breki haitoki kwa mguu peke yake. Anaunganisha kompyuta ya uchunguzi, inaziamuru vali zifunguke moja baada ya nyingine, naye anazifuata kwa spana. Nimependa sana kwamba mashine hiyo haijamwondolea mtu jicho. Kiputo bado kinaonwa na mtu aliyechuchumaa.

Magari mengi ya barabara za Dar es Salaam na Nairobi yamekuja yametumika kutoka Japani, na barua ya mwito hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa kule. Haimfuati mnunuzi wa pili ng'ambo ya bahari. Kinacholifuata gari ni namba ya chesisi, ile inayoanza na ZVW30 kwa Prius ya kizazi hicho. Tovuti ya Toyota ya Japani huipokea namba hiyo na kuonyesha kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Ukikuta halikurekebishwa, mpelekee fundi jibu hilo kabla hajalegeza nati ya kwanza, ajue anaitafuta gesi ya tungi wala si padi zilizolika.